UZI: Sedani ndogo za kifahari kati ya Nakuru na Kisumu, na namna mafuta na maji yanavyosafiri ndani ya waya

#1 FundiWaya (Nakuru), mwanzisha uzi

Habari zenu, wanajukwaa.

Nimefanya kazi ya umeme wa magari hapa Nakuru kwa miaka mingi, na magari yanayonipa kazi nyingi zaidi siku hizi ni sedani ndogo za kifahari kutoka Ujerumani, yaani Mercedes-Benz C-Class, BMW 3 Series na Audi A4. Mara nyingi gari linaponifikia limekwisha kupita gereji mbili au tatu, na ndani ya buti kuna mfuko wa spea zilizong'olewa, ambazo nikizipima nakuta nyingine ni nzima kabisa. Wenye magari haya si matajiri wote. Wengi ni walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo walioweka akiba miaka mingi, na inaniuma kuona fedha hizo zikimalizika kwa kukisia.

Ninalotaka kulieleza ni hili: katika magari haya kazi ya makanika na kazi ya fundi wa umeme haziwezi kutenganishwa, kwa sababu mafuta ya injini, mafuta ya gia na maji ya mvua hupata njia ya kuingia katika nyaya, kisha tatizo lililoanza kama gaskiti iliyochoka huonekana mbele ya dereva kama hitilafu ya umeme. Anayebadilisha sensa bila kutafuta mafuta yalikotoka atazibadilisha sensa hizo mpaka achoke.

Nitatumia C-Class ya W204 (namba ya kiwanda ya kizazi kimoja cha gari hilo) kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo iliyojaa barabarani kwetu. Gari hili lilitengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na kwa kanuni yetu ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hakuna tena W204 inayoweza kushushwa Mombasa kihalali. Zilizopo ndizo zinazobadilishana mikono humu humu nchini, na kila anayenunua anarithi uzembe au uangalifu wa aliyemtangulia.

Nyingi zina injini ya M271, silinda nne, lita 1.8. Za mwanzo zina supachaja inayozungushwa na mkanda, na za baadaye, zilizoandikwa CGI, zina tabo. Udhaifu unaojulikana zaidi wa injini hii ni cheni ya taimingi, inayounganisha krenkishafti (mtaimbo unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mitaimbo inayofungua vali), pamoja na gurudumu za kamshafti zinazorekebisha muda wa vali. Cheni yenyewe ni nyembamba, hurefuka kadiri inavyotumika, na meno ya gurudumu hizo huliwa. Dalili yake husikika asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: unawasha gari, na kwa sekunde chache unasikia mkwaruzo wa chuma kutoka mbele ya injini, kisha kimya. Muuzaji mjanja anajua jambo hili, ndiyo maana atakuletea gari likiwa limekwisha kupashwa moto. Ukifika kununua, gusa boneti kabla ya kusalimia. Ikiwa ina joto, omba kurudi kesho alfajiri.

Cheni iliyorefuka huacha pia maandishi yake katika kompyuta ya injini. Misimbo ya hitilafu P0016 na P0017 inamaanisha kwamba mkao wa kamshafti na wa krenkishafti haulingani tena kama unavyotakiwa. Nimewaona watu wakifutiwa misimbo hiyo kwa ada ndogo na kuambiwa gari limepona, taa ya onyo ya injini ikazimika kwa siku nne, na mwenye gari akaendelea kusafiri na cheni ile ile. Cheni ikiruka meno, vali hugongana na pistoni, na hapo huzungumzii tena cheni bali kichwa kizima cha injini.

Sasa nifike kwenye mafuta. Mbele ya injini, kwenye ncha za kamshafti, kuna sumaku mbili za umeme zinazoamuru gurudumu hizo zisogee. Sumaku hizi huzeeka na kuanza kuvujisha oili kupitia kwenye pini zake. Oili ikifika kwenye soketi haianguki chini tu. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba ndani ya ganda la plastiki, na nafasi iliyobaki kati ya nyuzi hizo huinyonya oili kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Kwa miezi mingi oili hutambaa ndani ya ganda, bila tone hata moja kuonekana nje, mpaka ifike kwenye soketi nyingine au kwenye kompyuta ya injini yenyewe. Wakati huo dereva huona injini ikitetemeka, gari likikosa nguvu, sensa ya oksijeni ikilaumiwa, na kila fundi akitaja ugonjwa wake.

Kipimo chake hakihitaji mashine yoyote. Zima gari, chomoa soketi za sumaku hizo mbili, kisha pangusa ndani kwa karatasi nyeupe ya shashi. Karatasi ikitoka na oili, chomoa pia soketi ya kompyuta ya injini na uipanguse vivyo hivyo. Ikiwa kwenye sumaku kuna oili na kwenye kompyuta pakavu, umewahi: badilisha sumaku, safisha soketi kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, kisha weka waya mfupi wa nyongeza kati ya sumaku na waya wa zamani, ili siku ikivuja tena uharibike waya huo mfupi peke yake. Ikiwa oili imekwisha kufika kwenye kompyuta, kazi ni kubwa zaidi, lakini hata hapo usikubali kuuziwa kompyuta nyingine kabla hii haijafunguliwa na kusafishwa.

Gia boksi inaugua kwa njia hiyo hiyo. W204 nyingi za mwanzo zenye injini hii zina otomatiki ya gia 5, inayojulikana kama 722.6, na soketi yake ya pini 13 ina mipira inayokauka kwa joto. Mafuta ya gia hupita hapo na kupanda kwenye waya hadi kompyuta ya gia. Gari hujifunga katika gia ya pili, haliongezi wala halipunguzi, na mwenyewe anaambiwa gia boksi imekufa. Soketi hiyo ni spea ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya saa chache pamoja na kujaza mafuta upya. Naomba sana, kabla hujakubali gia boksi yako ishushwe na uwekewe ya mtumba, mtake fundi akuonyeshe soketi hiyo ikiwa mkononi mwake.

Na mafuta yenyewe yawe yale yanayotakiwa. Gia boksi hii haina kijiti cha kupimia cha kudumu. Fundi hutumia kijiti maalumu, na kipimo sahihi husomwa mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 80, injini ikinguruma. Anayejaza kwa makadirio, injini imezimwa, hajapima kitu.

Nitaishia hapa kwa sasa. Ulizeni, nami nitajibu ninayoyajua.

#2 Mwalimu_wa_Ziwani (Kisumu)

Fundi, shikamoo, na asante kwa somo lililotulia. Mimi nina gari la aina hiyo hiyo na limenifanya nitembee kwa miguu hadi shuleni kwa siku tatu. Ninaingiza ufunguo, nageuza, na hakuna kinachotokea: dashibodi haiwaki na stata haigusi. Taa ya ndani inawaka, ingawa kwa uhafifu. Nimenunua betri mpya na hali haijabadilika. Fundi wa jirani anasema ni kufuli ya usukani na kwamba lazima ikatwe. Je, nikubali?

#3 FundiWaya

Marahaba, Mwalimu. Usikubali kukatwa kitu bado.

Ni kweli kwamba kufuli ya umeme ya usukani ni tatizo linalojulikana sana katika W204. Ndani yake kuna mota ndogo inayofungua kufuli kila ufunguo unapoingizwa, na mota hiyo huchakaa. Ikishindwa kumaliza safari yake, gari halitoi ruhusa ya kuwaka, na dashibodi hubaki giza kama ulivyoeleza. Dalili moja inasaidia kuitambua: gari likiwa zima, ukiingiza ufunguo katika mahali tulivu husikia mlio mfupi wa mota chini ya usukani. Mlio usiposikika kabisa, kufuli inashukiwa. Kuna wanaogonga nguzo ya usukani kwa mpini wa bisibisi na gari likawaka. Ikitokea hivyo, usilizime mpaka ufike kwa fundi, kwa sababu huenda lisiwake tena, na kufuli iliyokufa ikiwa wazi hutengenezwa kwa urahisi kuliko iliyokufa ikiwa imefunga.

Lakini umesema taa ya ndani inawaka kwa uhafifu huku betri ikiwa mpya. Neno hilo limenifanya nisite. Betri mpya yenye chaji kamili hutoa karibu volti 12.6, na taa ya ndani ingepaswa kung'aa. Omba fundi wako aweke mita, waya mmoja kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha awashe taa kubwa za mbele. Athi, yaani muunganisho wa ncha hasi ya betri na bodi, ikiwa nzima, mita itasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au zaidi, umeme unapotelea kwenye athi, na mota ya kufuli inanyimwa nguvu bila kosa lake. Kipimo hicho ni cha dakika tano. Tuletee jibu.

#4 MkulimaChai (Kericho)

Ndugu Fundi, gari langu halichemki nikiwa Kisumu, hata katika jua la saa nane mchana. Nikipanda kutoka Ahero kurudi nyumbani, kabla sijafika Kericho mshale wa joto umeanza kupanda. Nimebadilisha feni. Je, radieta ndiyo mbovu?

#5 FundiWaya

Radieta inaweza kuwa imeziba, lakini anza na kifuniko cha tangi la kulanti (maji ya kupozea injini), kwa sababu njia yako ni ya kipekee. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nawe unapanda hadi karibu mita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema. Hapa Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, sufuria ya maji huchemka karibu nyuzi 94, na Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, ni karibu nyuzi 91. Injini hizi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na zaidi. Kinachozuia kulanti isichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko hicho pamoja na mchanganyiko wa dawa ya kulanti. Kifuniko kilichochoka kinaweza kukuvumilia huko chini ziwani na kukuangusha ukiwa mlimani, ambako injini inavuta uzito na hewa inasaidia kidogo.

Baada ya kifuniko, angalia nyumba ya thermostati (vali inayodhibiti joto la kulanti), ambayo katika M271 ni ya plastiki na hupasuka au kuvuja kwenye ukingo wake. Tafuta alama nyeupe au za rangi ya kulanti iliyokauka. Na tafadhali, usijaze maji ya bomba. Yanaacha chokaa na kutu ndani ya njia nyembamba, na madhara yake huonekana mwaka wa pili, wakati umekwisha kusahau.

#6 Makanika_Mzee (Eldoret)

Mdogo wangu FundiWaya, umeandika vizuri, lakini katika jambo moja sikubaliani nawe. Unaposema mtu asikilize mkwaruzo wa asubuhi, unampa matumaini kwamba pasipo mkwaruzo cheni ni nzima. Nimefungua injini za aina hiyo zilizokuwa kimya na nikakuta meno ya gurudumu yamechongoka kama ya msumeno. Mimi humwambia mteja afungue kifuniko cha juu na tutazame kwa macho. Aidha, hukugusia oili. Injini hii inataka oili yenye kibali cha Mercedes-Benz cha 229.5, takriban lita 5 na nusu, na kirekebishi cha cheni kinategemea presha ya oili hiyo ili kuibana cheni. Mtu anayemwaga oili baada ya kilomita 15,000 kwa sababu kitabu cha Ulaya kimeruhusu, huku anakaa katika foleni na vumbi letu, anaiua cheni kwa mikono yake. Mimi husema kilomita 8,000, na sibadilishi kauli.

#7 FundiWaya

Mzee wangu, nimekubali, na nashukuru kwa kunirekebisha. Ukimya si cheti cha afya. Kwa anayetaka kununua, basi, aongeze hili: aombe kifuniko cha juu kifunguliwe, na muuzaji akikataa, hilo pia ni jibu. Kuhusu kilomita 8,000, nami huwaambia wateja wangu hivyo hivyo.

#8 Mama_Pacha (Kakamega)

Mimi natumia BMW 3 Series ya kizazi cha E90 na nilidhani uzi huu ungenihusu pia. Nimeweka betri mpya mara mbili kwa mwaka mmoja. Kila nikiliacha gari siku tatu, halina umeme. Pia likingoja kwenye lango la shule dakika kumi, nikiondoka hutoa moshi wa rangi ya samawati.

#9 FundiWaya

Dada yangu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Moshi wa samawati baada ya injini kunguruma ikiwa imesimama, kisha ukatoweka ukiendesha, ni alama ya mipira ya vali iliyokauka. Katika injini ya N46, inayopatikana kwenye 320i nyingi, tatizo hilo linajulikana vizuri. Oili huchuruzika kwenye shina la vali na kuungua unapokanyaga. Kuna vifaa vinavyowezesha mipira hiyo kubadilishwa bila kushusha kichwa cha injini, kwa hiyo ulizia fundi aliye navyo kabla ya kukubali kazi kubwa zaidi. Wakati huohuo pima oili kila wiki, maana injini hiyo inaweza kumaliza oili bila kuacha tone sakafuni.

Kuhusu betri, E90 ina sensa kwenye ncha hasi inayohesabu umri na chaji ya betri. Betri mpya isiposajiliwa kwa kompyuta, gari huendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu, na hilo huifupishia maisha. Lakini kukosa umeme kwa siku tatu kunaonyesha kwamba kuna kitu kinachonyonya gari likiwa limelala. Fundi aweke mita ya ampea kwenye waya wa hasi, afunge milango yote, kisha asubiri angalau nusu saa, kwa kuwa moduli (kompyuta ndogo) za gari hili hazilali papo hapo. Wengi hupima baada ya dakika mbili na kukimbilia kulaumu redio. Gari likiwa limelala, matumizi yakizidi miliampea 50, achomoe fyuzi moja moja mpaka kipimo kianguke.

#10 Dereva_Bungoma

Fundi, nilinunua W204 ya 2009. Nasikia eti puto la usalama kwenye usukani linaweza kumuua dereva. Ni kweli au ni uvumi?

#11 FundiWaya

Ni kweli, na naomba kila mwenye gari la miaka hiyo asome hapa kwa makini. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza viripuzi vya maputo vinavyotumia kemikali ya amonia nitrati. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na puto linapofunguka hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa sababu hiyo katika nchi mbalimbali, na magari ya kampuni nyingi duniani yaliitwa kurudishwa, yakiwemo ya W203 (C-Class ya kizazi kilichotangulia) na W204. Hali ya hewa ya joto na unyevu kama ya Kisumu na Busia ndiyo inayoharakisha uharibifu huo. Chukua namba ya chasisi, iulizie kwa wakala rasmi wa chapa hiyo, na usikubali kuwekewa puto lililong'olewa kwenye gari lingine la mtumba, kwa sababu unaweza kuwa unanunua hatari ile ile.

Ukiwa huko, angalia pia taa za nyuma. Katika W204 za miaka ya mwanzo, kiungio cha athi ndani ya soketi ya taa ya nyuma huota kutu, hupata joto na kuyeyusha plastiki. Taa hufifia au hukataa, breki zikiwemo. Mwaka 2014 kampuni iliita zaidi ya magari 200,000 nchini Marekani kwa tatizo hilo. Chomoa soketi uitazame: pini yenye rangi ya kahawia iliyoungua inajieleza yenyewe. Anayesafiri usiku kupitia Salgaa, malori yakiwa nyuma yake, anajua thamani ya taa ya breki.

#12 Mwalimu_wa_Ziwani

Nimerudi. Fundi wa jirani aliweka mita kama ulivyoagiza, na taa za mbele zilipowashwa ilisoma volti 2.3 kati ya ncha hasi na bodi. Tulifungua plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, na tulichokikuta kimenisikitisha: majani ya mwembe yalikuwa yameoza na kuziba tundu la kutolea maji, maji yalisimama hapo, na bolti ya athi imeliwa na kutu kiasi kwamba waya ulikuwa unacheza. Huwa naegesha chini ya mwembe kila siku kwa ajili ya kivuli. Tumesugua chuma, tumeweka bolti mpya, na gari limewaka mara ya kwanza. Kufuli ya usukani inalia kama ulivyosema. Betri ya zamani nimeipima nayo ni nzima.

#13 FundiWaya

Nimefurahi kuliko unavyodhani, Mwalimu. Paka grisi kidogo juu ya bolti hiyo baada ya kuikaza, ili maji yasiguse chuma tena. Sasa jambo moja limebaki. Maji yaliyosimama hapo kwa muda mrefu yanaweza kuwa yamepata njia ya kuingia ndani, na chini ya zulia la mbele kuna nyaya nyingi. Inua zulia pande zote mbili mpaka kwenye sponji, uibonyeze kwa kiganja, kisha utuambie.

#14 Mwalimu_wa_Ziwani

Nimeinua zulia pande zote mbili na kubonyeza sponji mpaka chini. Upande wa dereva ni pakavu. Upande wa abiria kiganja kimetoka na unyevu. Nimeacha milango wazi juani, na Jumamosi nitalileta Nakuru.